Kabla ya kuandika mpangokazi, tazama mwezi

Nikiwa mwaka wa tatu niliteremka stesheni ya Kigoma na hojaji sitini begini, nikashika njia ya Kibirizi, mwalo ambako mitumbwi ya Ziwa Tanganyika hushusha dagaa. Kila hojaji ilikuwa ya mtumbwi mmoja: umerudi na dagaa kiasi gani, umeuza bei gani. Mwaloni kimya. Mitumbwi imepandishwa mchangani, chanja za kuanikia dagaa tupu, akina mama wanasukana nywele. "Mwanangu, umekuja na mbalamwezi," mmoja akanipa pole.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hawajikusanyi kwenye taa, basi wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Mpangokazi wangu, uliopitishwa na idara bila swali, ulikuwa wa siku kumi na mbili. Nilirudi chuoni na hojaji kumi na tisa.

Leo nasimamia tafiti za shahada ya kwanza, na andiko likifika mezani nalisoma kinyumenyume: mpangokazi, bajeti, ndipo utangulizi. Utangulizi huwa mzuri siku zote, kwa kuwa umenakiliwa kwa wakubwa.

Mada ninayoikataa kila mwaka ni "Mchango wa uvuvi katika uchumi wa Mkoa wa Kigoma". Hiyo ni kazi ya wizara. Binti mmoja aliyeniletea hiyo nilimwambia afunge kompyuta, anieleze kitu alichowahi kukiona ufukweni kikamshangaza. Akafikiri. Akasema shangazi yake, kule Katonga, anajua fika kwamba dagaa wa chanja hawana mchanga na bei yao ni nzuri, lakini bado anaanika chini. Kwa nini?

Swali ndilo hilo! Lina watu wa kuulizwa na mwalo wa kwenda. Malengo mahususi yakajileta yenyewe: chanja inagharimu nini, eneo la kuijenga ni la nani, mchuuzi anaongeza shilingi ngapi kwa dagaa safi. Hata mapitio ya maandiko yakawa mepesi, maana sasa alijua anatafuta nini.

Barua ya utambulisho ianze mapema. Inapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, hadi kwa mtendaji, na kila meza ina foleni yake. Ulizia pia kama ziwa litakuwa wazi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Aliyepanga kupima mavuno Julai hakuwa na cha kupima.

Yule binti aliweka tarehe za mwezi mpevu kwenye mpangokazi. Siku za giza akapanga kusimama mizanini. Za mbalamwezi akazitengea usaili, kwa sababu ndizo siku akina mama wana nafasi ya kukaa na kuongea. Mimi niliwakuta wamekaa hivyohivyo, na sikuwauliza chochote.