Mpira ukitoka nje kwenye besiboli, refa anahesabu besi kuanzia wapi?

Hii sheria inachanganya watu balaa. Wengi wanaamini mpira uliorushwa ukipotea ukaingia kwa mashabiki, mkimbiaji anapewa besi (kituo) aliyokuwa anaiendea halafu anaongezewa moja. Sio hivyo kabisa. Mpira ukishatoka umekufa, yaani mchezo unasimama, na mlinzi (mchezaji wa timu inayozuia) akiurusha vibaya ukaenda jukwaani au kwenye benchi la wachezaji, kila mkimbiaji anapewa besi mbili. Ishu sio ngapi, ishu ni zinahesabiwa kuanzia alipokuwa SAA NGAPI.

Refa ana saa mbili tu, yaani nyakati mbili, za kuangalia: pale mrushaji alipomrushia mpigaji, au pale mpira uliopotea ulipotoka mkononi mwa mlinzi. Kama aliyerusha ni mlinzi wa ndani (anayekaa karibu na besi) na hicho ndo kitendo cha kwanza baada ya mpira kupigwa, tunarudi kwenye ile saa ya kwanza. Mfano kuna mtu besi ya kwanza, mpigaji anaupiga unaburuza chini, mlinzi wa ndani anaudaka anarusha besi ya kwanza lakini unapaa juu mpaka kwa mashabiki, basi wa besi ya kwanza anaenda ya tatu na mpigaji anaenda ya pili. Hata kama yule jamaa alishaigusa ya pili kabla mpira haujarushwa bado ni ya tatu, na hapo ndo kelele zinaanza maana watu wanataka apewe nyumbani (besi ya mwisho, inayoleta pointi). Angepewa nyumbani kama mpigaji naye angekuwa ameshaipita besi ya kwanza kabla ya huo mrusho, kwa sababu wote wakishasogea besi moja hesabu inahamia saa ya pili.

Mlinzi wa nje (anayekaa mbali, nyuma ya besi) akirusha vibaya ni saa ya pili moja kwa moja. Na angalia vizuri, ni pale mpira ulipotoka mkononi, sio pale ulipovuka uzio. Mpigaji ameshapita ya kwanza anakimbilia ya pili, mpira unatoka mkononi hajaigusa, anaigusa mpira ukiwa bado hewani: anapewa ya tatu. Kwangu mimi hii ndo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu refa inabidi aufuate mpira kwa macho na wakati huohuo ajue miguu ya wakimbiaji iko wapi.

Mrushaji ana hesabu yake. Akiwa amekanyaga kibao chake (pale anaposimama kumrushia mpigaji) akarusha kumnasa mkimbiaji, mpira ukatoka, ni besi moja tu. Akishuka kwenye kibao kwanza anahesabika kama mlinzi wa ndani wa kawaida, kwa hiyo zinarudi mbili.

Mpira uliopigwa ukadunda uwanjani ndani ya mistari halafu ukaruka uzio nao ni besi mbili, ila hapo siku zote unahesabu kuanzia mrushaji aliporusha, hata kama mkimbiaji alikuwa anakaribia kufika nyumbani.