Kumbukumbu ya hofu: kinachobadilika ndani ya ubongo

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi hauumi, lakini ubongo umeshaufungamanisha na maumivu, na mfungamano huo ndio tunaouita kumbukumbu ya hofu. Tusiudhanie kuwa ni picha iliyowekwa mahali. Ni badiliko halisi katika sinapsi, yaani maungio ambapo seli moja ya neva huipasha nyingine habari, na linaweza kufuatwa hadi kwenye ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na protini.

Mengi yanayojulikana yametokana na jaribio sahili. Panya husikilizishwa mlio kwa sekunde 20 au 30, na unapokwisha hupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Mara moja au chache zinatosha: kesho yake akisikia mlio peke yake huganda, hasogezi kitu isipokuwa kifua kwa kupumua. Wachunguzi huhesabu sekunde alizoganda. Habari za mlio na za maumivu hupita njia tofauti, kisha hukutana katika sehemu ya kando ya amigdala, fungu la seli lenye umbo la lozi lililomo ndani ya ubongo, moja kila upande.

Hapo pakutanapo ndipo penye siri yote. Mlio ukifika, ncha ya neva humwaga glutamati, kemikali inayopeleka habari kwa seli ya pili. Glutamati hufungua vipokezi vya AMPA, protini zenye tundu kwenye utando wa seli hiyo ya pili, ioni za sodiamu zikaingia, ila msisimko wake huwa hafifu. Jirani yake kuna vipokezi vya NMDA, ambavyo tundu lake limezibwa na ioni ya magnesiamu. Glutamati peke yake haikiondoi kizibo hicho. Ni lazima umeme wa seli upande kwanza kutoka milivolti hasi 70 hivi, na shoti ndiyo inayoupandisha. Kwa hiyo NMDA hupitisha kitu pale tu mlio na maumivu yanapogongana kwa wakati mmoja. Shoti ikicheleweshwa kwa dakika nyingi, panya hajifunzi kuuogopa mlio ule.

Kinachopita hapo ni kalsiamu. Katika seli iliyotulia, kalsiamu ya ndani ni pungufu mara 10,000 hivi kuliko ya nje, hivyo hata ikiingia kidogo seli nzima huitambua. Huamsha kimeng'enya kiitwacho CaMKII, chenye vipande 12 vinavyoweza kubandikana fosfati vyenyewe kwa vyenyewe. Kikishafanya hivyo huendelea kuchapa kazi kwa muda ingawa kalsiamu imeshapungua. Matokeo yake vipokezi zaidi vya AMPA hupachikwa kwenye sinapsi. Mlio ni ule ule, lakini sasa unaisisimua seli kwa nguvu zaidi.

Hiyo ni kumbukumbu ya muda mfupi, na haihitaji protini mpya. Ili idumu, vimeng'enya vingine, hasa PKA na MAPK, hupeleka ishara hadi kwenye kiini cha seli na kuiamsha protini ya CREB, ambayo huwasha jeni. Protini zinazotengenezwa huiimarisha sinapsi. Dawa ya anisomisini, inayozuia utengenezaji wa protini, ikitiwa kwenye amigdala mara baada ya mafunzo, panya bado huogopa saa chache baadaye, lakini kesho yake haogopi. Dawa haikufuta kitu hapo. Ilizuia ujenzi usikamilike.

Wala si kila seli huandikishwa. Zenye CREB nyingi wakati wa tukio ndizo huelekea kuchaguliwa, na mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli hizo zikiuawa, hofu ile huondoka.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa kumbukumbu ikishaimarika haiguswi tena. Mwaka 2000 watafiti Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliwakumbusha panya mlio waliokwisha kujifunza kuuogopa, kisha wakawapa anisomisini kwenye amigdala papo hapo. Hofu ilififia. Bila kukumbushwa, dawa haikufua dafu; ikichelewa saa 6, vilevile. Kukumbuka, basi, huilegeza sinapsi na kuidai protini mpya ili ijifunge tena. Kwa binadamu, majaribio ya kuitumia nafasi hiyo kwa propranololi, dawa inayozuia athari za adrenalini, yametoa matokeo yanayopingana.

Hili lisichanganywe na kuzimika kwa hofu, ambako mlio hurudiwa mara nyingi bila shoti hadi panya aache kuganda. Humo ubongo hujifunza jambo la pili, kwamba mlio huu sasa ni salama, na sehemu ya mbele ya ubongo huizuia amigdala. Kumbukumbu ya kwanza kwa kawaida ingalipo chini yake. Ndiyo maana hofu hurudi muda ukipita, mahali pakibadilika, au shoti ikitokea tena ghafla. Na ndiyo sababu mgonjwa anayezoeshwa taratibu kile anachokiogopa hufaa azoeshwe katika mazingira zaidi ya moja.