Mwarobaini uani haufukuzi mbu

Huku Lamu ukimaliza kujenga tu utaambiwa panda mwarobaini uani, mbu hawatakuja. Wengi tumekua tukisikia hivyo, na haikutoka hewani, manake mti huu kweli una dawa. Ila iko wapi? Nyingi iko ndani ya mbegu, inaitwa azadiraktini, na kazi yake ni kumkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba akue, sasa hiyo haitoki mtini ikapepea hewani, lazima mdudu aile au imguse, na jua nalo huivunja haraka. Kuchoma majani yake jioni kunapunguza mbu kiasi, lakini huo ni moshi, sio mti uliosimama.

Hakikisha mwenyewe: magharibi ikiingia vaa nguo ndefu, kaa chini ya mwarobaini nusu saa uhesabu mbu wanaokutua, kesho yake saa hiyo hiyo kaa mbali nao. Rudia siku kadhaa, upepo wa bahari nao hufukuza mbu, utakudanganya. Halafu chungulia ndoo na birika, yaani kile kisima cha kujengea cha kuwekea maji nyumbani, ukiona viluwiluwi vinachezacheza basi mbu wanatoka hapo. Wazee walikuwa wakifuga visamaki birikani viwale, akili kubwa ile!

Mti usiukate lakini. Kivuli chake raha, maua yake madogo meupe yananukia kama asali, na mbao zake mchwa hawazipendi. Ni ukoo mmoja na mkangazi, ule mti wa mbao za mahogani.