Bahari iliyo mbele ya hoteli si ya hoteli: dhana potofu za mapumziko ya familia Oahu

"Dada, si tutakuwa ndani ya hoteli? Watoto wataogelea tu hapo mbele, wenyewe wanaangalia."

Nimechoka kuisikia sentensi hiyo, na inaniudhi zaidi kwa sababu anayeitamka si mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Ni mkazi wa Oahu, kisiwa cha Hawaii lilipo jiji la Honolulu. Anakaa Ewa Beach, Kapolei au Mililani, anafanya kazi hospitalini au jeshini, na ameniomba nimpangie siku mbili tatu za kupumzika na familia kwenye hoteli ya ufukweni, Ko Olina, Waikiki au North Shore. Wengine ni watu wetu kabisa, wa Tanga, Mombasa na Unguja. Hao ndio wagumu kuliko wote, maana huongeza: "Sisi ni watu wa pwani, bahari haitutishi."

Naomba tuelewane. Hao "wenyewe" wanaoangalia, mara nyingi hawapo.

Dhana: Ufukwe wa hoteli ni wa hoteli, na hoteli inaulinda

Ukweli ni kwamba Hawaii ufukwe ni wa umma, mpaka pale mawimbi yanapofikia juu kabisa. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua hivyo katika kesi ya Ashford mwaka 1968. Hoteli inamiliki jengo, bustani, bwawa na miavuli. Haimiliki mchanga unaoloweshwa na wimbi, sembuse maji yenyewe. Wakazi wengi wanaijua nusu ya habari hii, ile nusu tamu: kwamba hata usipolala hotelini unapita kwenye njia ya umma na kutandika mkeka wako mbele ya chumba cha mtu aliyelipa mamia ya dola. Nusu ya pili wanairuka. Kisicho mali ya hoteli, usitarajie hoteli ikulindie.

Yule kijana mwenye fulana ya hoteli pale mchangani kazi yake ni viti, miavuli na taulo. Waokoaji wenyewe ni waajiriwa wa Jiji na Kaunti ya Honolulu, wenye idara yao kamili tangu 2024, na wanakaa kwenye minara ya fukwe za umma zilizoteuliwa. Waikiki wapo. Ukienda hoteli za sehemu nyingine, uliza kwanza mnara ulio karibu uko wapi. Hata kwenye bwawa, hoteli nyingi zimeweka kibao tu kinachosema hakuna mwokoaji. Kisome. Kimewekwa kwa ajili yako.

Sasa nirudi kwa ndugu zangu wa pwani. Bahari ya kwetu humfundisha mtu kusoma kujaa na kupwa. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Mtoto wa Paje anajua saa ya kushuka kutafuta pweza na saa ya kurudi, na mawimbi makubwa anayaona kwa mbali tu, yakivunjikia kwenye mwamba. Oahu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata mita 1. Mtu wa pwani akitazama anaona maji hayasogei, anaamua kwamba bahari hii ni pole. Elimu aliyo nayo ni ya kweli, ila ni ya bahari nyingine.

Hatari ya huku inatoka kwenye mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba zilizo mbali, maelfu ya kilomita. Kuanzia Novemba hadi Februari au Machi, dhoruba za Pasifiki ya kaskazini huleta North Shore mawimbi ya mita 6, mita 9, na siku nyingine zaidi. Mei hadi Septemba mambo hugeuka: kaskazini kunatulia kama bwawa, na dhoruba za upande wa New Zealand hutuma mawimbi yake Waikiki na Ala Moana. Siku hiyo Oahu jua linawaka, mbingu nyeupe, hakuna wingu, na wimbi linafika vilevile. Kwa hiyo mtu anayeniambia "tulikuja hapa Julai, palikuwa shwari" na anataka Januari arudi pale pale na mtoto wa miaka minne, ananiambia jambo lisilo na faida yoyote kwangu. Waimea Bay, ambako Julai vijana wanajirusha kutoka kwenye jabali na kucheka, ndiko Januari 2023 yalikofanyika mashindano ya kucheza na mawimbi makubwa, ya kumkumbuka Eddie Aikau, mwokoaji wa kwanza wa ghuba hiyo. Mshindi, Luke Shepardson, alikuwa mwokoaji aliye zamu siku hiyohiyo. Aliomba mapumziko kazini ili ashindane, kisha akarudi kwenye mnara. Ndiyo bahari ya watu wa kiwango hicho, na si ya kuchovya miguu.

Tena, ukimsikia jirani yako mcheza mawimbi akisema leo ni futi 4, usitulie. Wengi wao wanakadiria wimbi kwa nyuma, kwa kipimo cha zamani cha Hawaii. Kwa mbele, upande utakaokuangukia wewe, wimbi hilo laweza kuwa karibu maradufu. Idara ya hali ya hewa hutangaza urefu wa mbele. Fuata tangazo la idara.

Mawimbi huja kwa makundi. Yanaweza kupita makubwa matano, sita, kisha pakatulia robo saa nzima. Familia inafika kwenye ule utulivu, inavua viatu, inaingia. Ndiyo maana nina sharti moja ambalo nalirudia kwa kila mteja mpaka ananikasirikia: kaeni mchangani dakika 20 kabla ya yeyote kugusa maji. Wapeni watoto matunda, pakeni mafuta, fungueni mwavuli, macho yakiwa baharini. Tazameni mawimbi yanavunjikia wapi. Kama yanapandia na kuangukia moja kwa moja kwenye mchanga, kama Sandy Beach au Makapuu, pale hapachezwi na mtoto, hata maji yakiwa ya magoti. Wimbi la namna hiyo humnyanyua mtu mzima na kumbwaga kwa kichwa. Shingo na uti wa mgongo huumia kwenye maji ambayo mtu angeweza kusimama. Na mama anayempiga mtoto picha kwenye mchanga mbichi, mtoto akiwa ameipa bahari mgongo, asogee juu hadi mchanga mkavu. Picha itatoka nzuri vilevile.

Halafu maboya ya plastiki, yale ya duara na ya umbo la bata. Upepo wa kawaida wa Hawaii unatoka kaskazini mashariki karibu mwaka mzima. Haugeuki kama kaskazi na kusi za kwetu. Maana yake Waikiki na pwani ya magharibi unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Nimeliangalia boya tupu pale Waikiki asubuhi, limeachwa kwenye maji ya kifundo cha mguu. Lilizunguka mara moja, likakamata upepo, na kabla mwenyewe hajamaliza kufunga kamba ya kaptula yake, lilikuwa limewapita waogeleaji wa mwisho. Fikiria kama mtoto angekuwa amelikalia. Mtoto avae jaketi la kuokolea linalomkaa sawasawa, na mtu mzima awe umbali wa kunyoosha mkono, simu ikiwa mfukoni.

Usisubiri kelele. Mara nyingi anayezama hapigi ukelele wala hapungi mikono. Anatafuta pumzi, na pumzi hiyo hana ya kuitia. Mtoto aliyenyamaza ghafla majini ndiye wa kumfuata kwanza.

Na akina bibi na babu waliokuja kutembea kutoka Nairobi au Dar. Kwa wageni wa Hawaii, shughuli inayoongoza kwa vifo vya majini ni ile inayoonekana ya upole kuliko zote: kuelea kifudifudi na miwani na mrija, ukitazama samaki. Madaktari waliochunguza vifo hivyo wanaeleza kwamba baadhi ya watu, kwa kuvuta hewa kwa nguvu kupitia mrija, mapafu hujaa maji yanayotoka mwilini mwao wenyewe, bila kumeza hata tone la bahari. Ugonjwa wa moyo huongeza hatari, na wametaja pia kuwa huenda safari ndefu ya ndege inachangia. Kwa hiyo mzee aliyekaa angani saa 25 apumzike siku mbili tatu nchi kavu. Akiingia, aingie mahali anaposimama, na akihisi pumzi inapungua au nguvu zinamwisha, atoe mrija, asimame, atoke na aombe msaada papo hapo.

Kama mnataka maji ya watoto, yapo. Ko Olina kuna ghuba nne zilizochimbwa kwa mikono ya watu na kuzungushiwa mawe, zote za umma. Waikiki kuna eneo la Kuhio Beach lililo nyuma ya ukuta. North Shore, karibu na Turtle Bay, kuna Kuilima Cove inayokingwa na mwamba. Hata humo, kaeni mbali na mianya ya mawe ambako maji hutoka kwa kasi, na mkondo mkali ukimshika mtu asishindane nao: aelee, ainue mkono, ajisogeze pembeni.

Dhana: Konyeza akikuchoma, kojolea

Hapana. Mwagia siki, toa nyuzi zilizoganda, kisha weka maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Usisugue na mchanga. Akishindwa kupumua vizuri, pigeni 911. Na konyeza wale wa umbo la kisanduku wana ratiba: hufika fukwe za kusini mwa Oahu, Waikiki na Ala Moana, kati ya siku ya 8 na ya 12 baada ya mwezi mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ahesabu tarehe 22 hadi 27 hivi, apange siku zake za kuogelea nje ya hapo.

Dhana: Ngozi nyeusi haihitaji mafuta ya jua

Inaungua, ila inachelewa kuonyesha. Tangu Januari 1, 2021 Hawaii hairuhusu kuuza mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu yanadhuru matumbawe, basi chukueni yenye zinki. Mimi lakini napendelea fulana ya kuogelea ya mikono mirefu. Haitoki majini, na mtoto hawezi kuilalamikia kila baada ya saa mbili.

Dhana: Kasa amelala mchangani, si vibaya kumgusa kidogo

Kasa mwacheni mita 3, na sili, yule mnyama wa baharini anayepanda kupumzika mchangani, mita 15. Kumsumbua sili wa Hawaii ni kosa la jinai ambalo laweza kumpeleka mtu jela miaka 5. Mwambieni na mjomba anayependa picha.

Dhana: Bei ya kamaaina ni ya Wahawaii wa asili tu, na mwenyeji halipi kodi ya wageni

Vyote viwili si kweli, na vinawagharimu watu. Bei ya kamaaina, yaani punguzo la wenyeji, inafuata ukazi. Ukiwa na leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo la Hawaii, ni yako, uwe umezaliwa Hilo au Bagamoyo. Ubebe kitambulisho chenyewe, maana wataomba mapokezi. Ila linganisha kwanza: kuna misimu ambayo ofa ya kila mtu iko chini kuliko hiyo ya kamaaina, na wanajeshi wana bei yao.

Kodi ya malazi analipa kila anayelala hotelini, mwenyeji kwa mgeni. Tangu Januari 2026 jimbo linachukua asilimia 11, kaunti 3, na Oahu kuna nyingine ya 4.712 juu yake. Jumla ni karibu asilimia 19. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inazitaka hoteli kuonyesha ada zote za lazima ndani ya bei ya mwanzo, jambo jema lililochelewa, lakini kodi za serikali zinaweza kuja baadaye, na maegesho ya gari si ada ya lazima. Waikiki maegesho ni dola 40 na zaidi kwa usiku katika hoteli nyingi. Kwa familia inayokuja na gari lake kutoka Mililani, hiyo ndiyo ada inayouma kuliko zote. Ulizeni kabla ya kulipa.

Dhana: Chumba cha bei kubwa ndicho kitakachotupumzisha

Kwa wawili waliooana wiki iliyopita, labda. Kwa wenye watoto wadogo, chumba cha chini upande wa bustani, hatua chache hadi bwawani, kinashinda baraza la ghorofa ya 20 ambalo utashinda mchana kutwa ukihofia mtoto asipande kiti. Fedha mliyookoa ongezeni usiku mmoja, siku za katikati ya wiki. Epukeni wiki ya mbio za Honolulu Marathon, Jumapili ya pili ya Desemba, na mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, wakati likizo za Japani zinapojaza Waikiki. Na mkitaka kwenda Hanauma Bay kutazama samaki, msichague Jumatatu wala Jumanne, hufungwa.