Shahada ya mtandaoni maana yake nini hasa?

Ukimwambia jirani kwamba unasoma shahada mtandaoni, swali la kwanza huwa, "Cheti chake kinatambulika?" La pili, kwa Tanzania, ni, "Kwa hiyo uko Chuo Huria?" Maswali yote mawili ni ya haki. Ila yanachanganya maneno matatu yanayofaa kutenganishwa kabla mtu hajalipa ada: huria, masafa na mtandao.

Huria ni habari ya mlango. Chuo huria kinalegeza masharti ya nani aingie na amalize lini, ili mwenye kazi na familia naye apate nafasi. Masafa ni habari ya umbali: mwalimu yuko huku, mwanafunzi yuko kule. Mtandao ni chombo tu cha kuvukia umbali huo, na kabla yake palikuwa na posta, redio na kaseti. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria hapo mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Alisoma kwa masafa, bila mtandao wowote.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kilianza hivyohivyo. Sheria ya kukianzisha ilipitishwa mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wa chuo. Mwanafunzi alisoma vitabu vya kozi vilivyochapwa, akaenda kituo cha mkoa kuonana na walimu na kufanya mtihani. Chuo kilikuwa huria na cha masafa miaka mingi kabla mtandao haujawa njia ya kufundishia. Kilichobadilisha mambo pwani yetu ni nyaya za chini ya bahari: waya wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, Dar es Salaam na Mombasa ziliacha kutegemea setilaiti peke yake, na video ya mhadhara ikaanza kuwa kitu cha kuwazika. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023 pale Konza, kilizaliwa moja kwa moja ndani ya mtandao.

Basi shahada ya mtandaoni ni programu kamili ya chuo kikuu ambayo mafundisho yake, majadiliano, kazi za kupima na mrejesho wa mwalimu vinafanyika kwenye jukwaa la chuo, yaani tovuti yake ya masomo, na mwishoni seneti, baraza la taaluma la chuo, ileile ya wanaosoma darasani, inapitisha matokeo. Kozi fupi ya wiki sita inayokupa cheti cha kuhudhuria haimo. Wala mhadhiri kurusha kurasa za notisi kwenye kundi la WhatsApp hakuhesabiki. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, wengi tulionja hayo ya WhatsApp tukadhani ndiyo masomo ya mtandaoni, na jina limebaki na doa lisilostahili. Ile ilikuwa dharura. Programu iliyoandaliwa kwa mtandao tangu mwanzo huandikwa upya: somo hukatwa vipande vifupi, kila kipande kina kazi yake, na mwalimu hupangiwa muda wa kujibu maswali kama anavyopangiwa kipindi cha darasani.

Kinachowashangaza wengi ni uzito wake. Tanzania hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha kusikiliza, kusoma mwenyewe na kufanya kazi. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani saa 3,600. Kuipeleka mtandaoni hakupunguzi hata moja. Muuguzi anayeiba saa tatu kila siku baada ya zamu anahitaji siku 1,200 bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Ndiyo maana chuo makini huruhusu kuchukua masomo machache kwa muhula na kurefusha miaka, na ningemshauri mwenye ajira asione aibu kufanya hivyo.

Kuna na mambo madogo yanayoumiza. Jukwaa linalotumika sana vyuoni ni Moodle, na kazi ya kuwasilisha huandikwa mwisho wake, tuseme, "Jumatatu, 00:00". Sisi tunaohesabu saa kwa jua tunasoma haraka na kudhani tuna Jumatatu nzima, kumbe ni saa sita ya usiku wa kuamkia Jumatatu. Jumapili ikiisha, mlango umefungwa. Halafu kuna kupakia faili na kuliwasilisha, vitu viwili tofauti pale mwalimu alipoweka mpangilio huo. Nimewahi kupakia insha yangu mapema, nikazima data kuokoa bando na kulala kwa amani. Asubuhi nikakuta neno "rasimu" mbele ya jina langu. Kitufe cha mwisho sikukibonyeza. Chuo kinachotoa shahada mtandaoni kinapaswa kufundisha hayo wiki ya kwanza, kabla ya somo lolote, maana mwanafunzi wa Kigoma hana mwenzake wa bweni wa kumuuliza usiku.

Nirudi kwa swali la jirani. Kutambulika hakutokani na njia ya kusomea bali na ithibati, yaani idhini rasmi ya kutoa masomo hayo. Kwa Tanzania mwenye kauli ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na kinachotazamwa ni chuo pamoja na programu yenyewe: chuo chaweza kuwa halali kabisa huku kozi unayoitaka bado haijaidhinishwa. Kama chuo kiko nje ya nchi, tuzo yake hupelekwa TCU kutambuliwa, kwa hiyo uliza Tume kabla ya kuanza, usingoje joho. Na chuo chenyewe kiulize mtihani utafanyika wapi: kituoni mbele ya msimamizi, au nyumbani mbele ya kamera? Wakisema nyumbani, uliza inakuwaje umeme ukikatika katikati ya swali la tatu, na jibu walitoe kwa maandishi.