Je, Wajua Kwa Nini Kanisa la Mértola, Ureno, Lina Mihrabu?

Katika mji mdogo wa Mértola, kusini-mashariki mwa Ureno, liko kanisa la parokia ambalo humshangaza kila mgeni aliyezoea kuona misikiti. Ndani yake hakuna ukumbi mmoja mrefu unaoelekea madhabahuni, kama ilivyo katika makanisa mengi ya Ulaya, bali kuna ukumbi unaokaribia umbo la mraba, uliojaa nguzo, ambamo mtu hulazimika kupitisha macho kati ya nguzo na nguzo ili amwone padri. Nyuma ya madhabahu, katika ukuta wa kusini-mashariki, kuna kishubaka kilichopambwa kwa matao madogo ya plasta. Hicho ni mihrabu, na upande huo ndio uliokuwa kibla. Milango minne ya zamani, yenye matao ya mviringo yanayobana kidogo chini, ingali ukutani hadi leo.

Jibu jepesi ni kwamba kanisa hili lilikuwa msikiti. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu Ureno ya kusini ilikuwa na misikiti mingi na karibu yote imetoweka. Jijini Lisbon, kwa mfano, kanisa kuu lilijengwa mahali palipokuwa na msikiti, na mgeni haoni tena umbo la jengo lililotangulia. Swali lenye uzito ni kwa nini wa Mértola ulibaki, na jibu lake linaanzia mtoni.

Mto Guadiana huingia baharini umbali wa kilomita 70 hivi kusini mwa Mértola, na kujaa na kupwa kwa bahari husikika hadi karibu na mji. Kaskazini yake, mto huo hubanwa na miamba na kuporomoka kwenye maporomoko yaitwayo Pulo do Lobo, yaani Mruko wa Mbwa-mwitu, ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapita. Kwa hiyo Mértola ilikuwa bandari ya mwisho: shehena iliyotoka bahari ya Mediterania ilishushwa hapo na kupakiwa juu ya wanyama, na nafaka na madini ya bara yalishuka hapo ili yapakiwe meli. Warumi waliuita mji huo Myrtilis na wakautajirisha. Waislamu walioutawala kuanzia karne ya 8 waliendeleza biashara ileile, na katika karne ya 11 mji ukawa kwa muda mfupi makao ya ufalme mdogo unaojitegemea. Mwaka 1144 kiongozi wa Kisufi, Ibn Qasi, aliwaasi Murabitun, watawala wa Kiislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walioitawala Andalusia, yaani sehemu ya Uhispania na Ureno iliyokuwa chini ya Waislamu, na wafuasi wake wakaiteka ngome ya Mértola. Sanamu yake akiwa amepanda farasi inasimama leo nje ya ngome hiyo, jambo lisilo la kawaida kwa nchi iliyojifunza historia yake kama hadithi ya kuwafukuza Waislamu.

Msikiti tunaouzungumzia ulijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 12, chini ya Muwahhidun waliowarithi Murabitun. Haukudumu sana mikononi mwa wenyewe. Mwaka 1238, wakati wa mfalme Sancho wa Pili, mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yakobo (Santiago), ambalo lilikuwa shirika la kidini na la kijeshi kwa pamoja, waliuteka mji. Walihitaji mahali pa kusali mara moja, na jengo imara lilikuwa tayari, kwa hiyo waliligeuza kuwa kanisa badala ya kulibomoa. Miaka 260 baadaye Vasco da Gama, aliyekuwa mwanachama wa shirika hilohilo na mzaliwa wa mkoa huohuo wa Alentejo, alitia nanga Mombasa. Inafaa kulikumbuka hilo tunapowaza kwamba Wareno walikuja pwani yetu bila kuujua Uislamu; walikuwa wakisali ndani ya kuta zake kwa vizazi kadhaa.

Kilichofuata ndicho kilichouokoa msikiti. Mwaka 1249 Faro, iliyo pwani ya kusini, ilitekwa na mpaka wa vita ukatoweka. Shirika lilihamishia makao yake kwingine, na biashara na Afrika ya Kaskazini ikafifia. Katika karne ya 16 fedha zilirudi kidogo, kwa kuwa nafaka ya eneo hilo ilipelekwa kwenye ngome za Wareno nchini Moroko, na wakati huo ndipo dari la mbao lilipoondolewa, matao ya mawe yakawekwa juu ya nguzo, na mlango wa mbele ukachongwa kwa mtindo mpya. Baada ya hapo mji ukawa maskini tena, na watu maskini hawajengi makanisa makuu mapya. Nguzo zilibaki mahali pake na kuta zilipakwa chokaa, hadi kazi za ukarabati za karne ya 20 zilipouonyesha tena mihrabu. Kwa maoni yangu, hakuna sheria ya kulinda mambo ya kale iliyofanya kazi nzuri kuliko ufukara huo.

Utafiti wenyewe ulianza mwaka 1978, mwanahistoria Cláudio Torres alipoanza kuchimba pamoja na wenzake na kuasisi kituo cha akiolojia ambacho bado kipo mjini humo. Kati ya kanisa na ngome walifukua mtaa mzima wa enzi ya Muwahhidun, wenye nyumba zilizojengwa kuzunguka ua wa ndani, kila moja ikiwa na jiko lake na choo chenye mfereji wa kutolea maji machafu. Aliyetembelea magofu ya Gedi, karibu na Malindi, atautambua mpangilio huo bila kuelezwa. Badala ya kukusanya vitu vyote katika jumba moja, makumbusho yalitawanywa mjini: mabaki ya nyumba ya Kirumi yako chini ya ofisi za manispaa, na vyombo vya udongo vya Waislamu vina jengo lao. Ukiwa na saa mbili tu, anza na vyombo hivyo kabla ya kupanda ngomeni.

Manispaa ya Mértola ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,290 hivi, lakini wakazi wake ni zaidi kidogo tu ya 6,000. Udongo wake ni mwembamba na umekaa juu ya miamba, na ulichoka zaidi baada ya serikali kuanzisha kampeni ya ngano mwaka 1929, vilima vilipolimwa hadi vikawa vipara. Watu wengi walihama, na vichaka vikarudi pamoja na sungura, kwale na nguruwe mwitu. Hifadhi ya Bonde la Guadiana ilianzishwa mwaka 1995, na mwishoni mwa mwaka 2014 linksi wa Iberia, paka-mwitu mwenye vishungi vya nywele masikioni kama simba mangu wetu, alianza kurudishwa humo. Mwanzoni mwa karne hii wanyama hao walikuwa wamepungua hadi kutofika mia moja duniani kote. Sasa wamepita 2,000 katika Uhispania na Ureno. Usitarajie kumwona kwa urahisi, maana hujificha mchana. Korongo weusi na kozi wanaotaga katika majengo ya kale huonekana kwa urahisi zaidi.

Upande wa mashariki uko mgodi wa São Domingos, ambako kampuni ya Kiingereza ilichimba shaba na salfa kuanzia katikati ya karne ya 19 na kuipeleka kwa reli hadi bandari ya Pomarão. Ulifungwa mwaka 1966. Maji mekundu yenye tindikali yamebaki shimoni, na hayafai kuguswa. Jirani yake kuna bwawa safi ambako watu huogelea.

Chakula cha huko ni cha watu waliokuwa na mkate na kitoweo kidogo tu. Açorda hutengenezwa kwa kutwanga kitunguu saumu, chumvi na kotmiri kinuni hadi vilainike, kisha mchanganyiko huo hutiwa katika bakuli pamoja na mafuta ya zeituni, na maji ya moto yaliyochemshiwa mayai yasiyo na maganda humiminwa juu yake. Vipande vya mkate mgumu wa juzi hutiwa mwisho na kuliwa kabla havijavurugika. Wataalamu wa historia ya vyakula huihusisha na tharidi ya Waarabu, yaani mkate uliolowekwa katika mchuzi. Kuna pia mchuzi wa mikunga wa mtoni, na jibini ya Serpa, ambayo maziwa yake ya kondoo hugandishwa kwa ua la mbaruti badala ya kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa mnyama. Msomaji Mwislamu aulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa nyama ya nguruwe na mafuta yake huingia katika vyakula vingi vya Alentejo, hata vile vinavyoonekana kuwa vya mkate mtupu.

Reli haifiki Mértola. Kituo cha karibu ni Beja, kilomita 50 hivi kaskazini, na gari la kukodi hurahisisha safari ya kwenda Pulo do Lobo na mgodini. Miezi ya kiangazi, hasa Julai na Agosti, joto huweza kupita nyuzi 40, kwa hiyo majira ya kuchipua yanafaa zaidi. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Mei, mji huandaa Tamasha la Kiislamu lililoanza mwaka 2001, ambapo vichochoro hufunikwa vitambaa na wachuuzi kutoka Moroko hupanga bidhaa zao hadi karibu na mlango wa kanisa. Vyumba vya wageni ni vichache na siku hizo hujaa mapema.