Ufadhili wa karo hauhamishi haki za mtoto

Wazazi wengi katika jimbo la Arizona, Marekani, wakiwemo Wakongo waliohamia Phoenix na Tucson, huamini kwamba mtoto mwenye ulemavu akipata ufadhili wa kusoma shule binafsi, huenda na huduma zake zote. Sivyo.

Katika ufadhili huu, kampuni huchangia shirika la ufadhili, na kila dola inayotoa huifutia dola moja ya kodi ya jimbo. Pesa hizo hulipa karo. Haki ya elimu maalumu bila malipo, yenye mpango ulioandikwa kwa ajili ya mtoto huyo mmoja, ni jambo jingine: inatokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, na anayebanwa nayo ni mfumo wa shule za umma. Ukimhamisha mwanao kwa hiari yako, ile nusu saa ya tiba ya usemi iliyomo kwenye mpango wake huwezi tena kuidai. Inaumiza sana kuligundua hilo muhula ukishaanza.

Wilaya ya shule za umma bado inawajibika kumpima bure mtoto anayeshukiwa kuwa na ulemavu, hata akiwa shule binafsi. Kabla ya kusaini, shule mpya ikuandikie itatoa huduma zipi, nani atazitoa, na kwa malipo gani.